Barua za Jukwaani: Nani alimwambia awe mwanaume?

Wiki hii nilifungua barua nikitarajia yale ya kawaida, mtu anauliza uoga wa stejini unatolewa aje, mwingine anataka kujua kama mtoto wake anaweza kuishi na pesa ya uigizaji hapa Nairobi, kumbe tatu nzima zinaongelea mchezo mmoja, Macbeth wa Shakespeare. Kwa wale hawajauona, ama waliuona wakiwa wamesinzia: Macbeth ni jenerali wa Uskoti, anatoka vitani anakutana na wachawi watatu, wanamwambia atakuwa mfalme, anamwandikia bibi yake barua, alafu usiku huo huo barua imefika mfalme Duncan anakuja kulala kwao kama mgeni. Wanamuua. Macbeth anavaa taji na anaendelea kuua ili lisimtoke kichwani, bibi anaanza kutembea akiwa usingizini akisugua mikono, anakufa, na mwisho Macbeth mwenyewe anakatwa kichwa. Sijaharibia mtu utamu, mchezo una zaidi ya miaka 400. Mistari nikiitaja ni Kiswahili changu mwenyewe cha haraka haraka, msinishike shati.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na mzee wangu tulienda kuona Macbeth, ni vijana wa kanisa waliigiza, kiingilio hakikuwa kibaya. Kurudi, tukiwa kwa matatu, mzee akaanza, ati si umeona sasa, mwanamke akitaka makuu nyumba inaisha, bila huyo mama huyo jamaa angekaa jenerali wake poa mpaka achukue penisheni. Watu wa nyuma wakacheka, na mimi nikacheka, lakini ilinichoma juu kuna kitu. Mwaka juzi chama chetu kilikuwa kinatafuta mweka hazina, mzee hakutaka, mimi ndo nilimsukuma, nikamwambia hata fulani mwenye hajui kujumlisha anajitokeza na wewe umekaa hapo kama mwanamke. Akasimama, akachaguliwa. Sasa tangu mwezi wa nane halali. Saa nane usiku ameamka, ameketi kwa kiti na taa ya simu, anaandika namba kwa karatasi, anararua. Nikimuuliza ananiambia lala, haya si mambo yako. Kuna siku nilimskia akiongea na binamu yake kwa simu, ikatajwa 86,000. Nauliza, kwa huo mchezo ni kweli bibi ndo alimharibu? Na kwa nini wazimu umshike yeye na usimshike mzee? Samahani kwa barua ndefu. Mama Wawili, Kayole.

JIBU: Marahaba Mama Wawili, na barua ndefu ndo mimi napenda, zile za mstari mmoja ndo hunichosha.

Tuanze na ile kesi mzee wako aliikata kwa matatu, juu aliikata bila kuita mashahidi. Wachawi hawakumwambia Macbeth aue mtu. Walimwambia tu atakuwa mfalme, basi. Ni yeye mwenyewe, amesimama hapo barabarani na wenzake, anaona picha ya kuua ikimjia na nywele zinamsimama, na saa hio bibi yuko nyumbani Inverness hajui chochote, pengine anapanga chakula cha jioni. Baadaye akianza kurudi nyuma, bibi anamuuliza, sasa ni mnyama gani alikufanya uniletee hii habari mwanzo? Wakati huo hata nafasi haikuwa imepatikana, na wewe mwenyewe ulikuwa tayari kuitengeneza. Yaani hio stori iliingia kwa nyumba na mzee, kwa mdomo wa mzee.

Alafu hesabu maiti. Duncan ni wao wawili, hapo siwatenganishi. Wale walinzi wawili wa chumba, bibi aliwawekea dawa kwa kinywaji walale, lakini asubuhi ni Macbeth anawaua mbio mbio wasije wakajitetea, na hio haikuwa kwa mpango, hakuambiwa na mtu. Banquo, rafiki yake wa vita, anamtafutia wauaji bila kumwambia bibi. Mke wa Macduff, mkubwa mwingine wa Uskoti, na watoto wake, bibi tena hakuulizwa. Ukitoa huyo mama kwa mchezo baada ya usiku wa kwanza, damu yote ile nyingine bado inamwagika. Na huyo mke wa Macduff hebu mkumbushe mzee wako. Huyo hakutaka makuu yoyote. Mumewe amekimbilia Uingereza, amemwacha na watoto bila hata kuaga, mtu anamletea onyo akimbie, naye anasema sijamkosea mtu, alafu anajicheka mwenyewe, ati mbona najikinga na hii ngao ya kike ya kusema sijafanya ubaya? Wanaingia wanamuua. Kwa hivyo bibi mwenye alisukuma amekufa na bibi mwenye alinyamaza kwake amekufa, sasa somo la wanawake na makuu tutalipata wapi hapo.

Lakini pia tusimuoshe huyu mama kushinda vile alijiosha. Alipanga yeye. Mzee alipotoka chumbani na visu viwili mkononi amechanganyikiwa, visu ambavyo vilifaa kubaki kwa walinzi ndio walaumiwe, yeye ndo alivirudisha, akawapaka walinzi damu akarudi na mikono myekundu kama ya mzee. Na kuna kitu kingine alifanya, na hapo ndo barua yako ilinigusa.

Kabla ya mauaji Macbeth alikuwa amekataa. Watu husahau. Alisema waziwazi hatuendelei na hii biashara. Na sababu zake zilikuwa nzuri kabisa: huyu ni mfalme wangu, ni ndugu yangu, ni mgeni wangu, mimi ndo nafaa kumfungia mlango muuaji, sio kushika kisu. Afrika nzima hakuna mzee angebishana na hio ya mgeni. Sasa angalia bibi anajibu nini. Hagusi hata sababu moja. Anamwambia tu: ulipothubutu, hapo ndo ulikuwa mwanaume. Kwisha. Sababu nzito nzito zote zimebebwa na neno moja, na mzee anaanza kuuliza, na tukishindwa je? Akishauliza hivo ujue ashakubali.

Hilo neno na sisi tuko nalo kwa kila mfuko. Jikaze kiume. Jikaze kisabuni. Mwanaume halii. Mtoto wa miaka mitatu anaanguka kwa ngazi za ploti, goti limechubuka hadi nyama inaonekana, na jirani anapita na ndoo anamwambia nyamaza, wewe ni mwanaume. Na wewe Mama Wawili ulilichukua kwa upande ule mwingine wa makali, ukamwambia amekaa kama mwanamke, na aliyesema hivo ni mwanamke. Unaona vile kisu kinakata anayekishika? Bibi ya Macbeth naye hivo hivo. Kabla mzee hajafika nyumbani anaita mapepo, anayaambia nivueni uanamke, nijazeni ukatili kutoka utosini mpaka kidole cha mguu, chukueni maziwa yangu mniwekee nyongo. Ameamini ujasiri ni mali ya wanaume na yeye lazima akope. Mimi kila nikiskia hio hotuba nafikiria, mwenye nauli haombi kondakta ambebe bure. Angekuwa na huo ukatili hangeuomba. Na hakupewa! Usiku wenyewe anasema angemuua Duncan mwenyewe kama huyo mfalme hangefanana na baba yake akiwa amelala. Mapepo hayakujibu maombi, yule binti wa mtu alibaki palepale ndani.

Na neno likishatoka linatembea. Macbeth akishalijua, analipeleka kwa wale wauaji wa Banquo, anawauliza nyinyi mko fungu gani la wanaume, maana hata mbwa wako aina aina. Wanaenda kuua wathibitishe wao ni wanaume. Kwa karamu, mzimu wa Banquo umekaa kwa kiti chake na Macbeth anatetemeka mbele ya wageni, bibi anamnong'onezea tena lile lile, wewe ni mwanaume kweli? Mtu mmoja tu kwa huo mchezo analirudisha lilikotoka, na ni Macduff. Analetewa habari bibi na watoto wote wameuawa, anauliza wote? wadogo wangu wote? mara mbili mara tatu kama mtu hajaskia, na Malcolm, mtoto wa marehemu Duncan, anamwambia jikaze kiume. Anajibu: nitajikaza, lakini lazima pia niumie kiume. Nimeona waigizaji wakiupita huu mstari mbio wakiwahi mapigano, huwa natamani kurusha kiatu.

Sasa ya wazimu. Mzee alianza kuona mambo mapema kuliko bibi, alafu mbele ya watu. Kisu kinaelea hewani. Sauti inasema Macbeth ameua usingizi. Mzimu mezani. Wakati huo wote bibi ndo anashikilia nyumba, anaambia wageni msijali, huyu tangu ujana hushikwa hivi, endeleeni kula. Mmoja anatapika nje, mwingine anameza. Na kumeza kuna mwisho. Lakini kitu kilimmaliza, kwa maoni yangu mimi, si damu peke yake. Kuna kasehemu kadogo kabla ya karamu, watu hukapita bila kukaona. Bibi anamuuliza mzee anapanga nini. Na yeye, mtu aliyeandika barua akimuita mwenzangu mpenzi wa ukuu wangu, anamwambia usijue lolote, kifaranga changu, utakuja kupiga makofi ikishafanyika. Kifaranga! Sauti ni tamu, lakini mlango umefungwa. Baada ya ile karamu hao wawili hawasimami pamoja stejini tena mpaka mchezo unaisha. Ukimuona bibi tena amelala anatembea, macho wazi, na mshumaa ambao ameagiza usiwe mbali naye hata usiku mmoja, na wanaomskiza ni daktari na mtumishi, watu wa mshahara. Usiku wa mauaji alisema maji kidogo tu yatatuosha. Sasa anasema marashi yote ya Uarabuni hayawezi kunukisha huu mkono mdogo. Na mumewe akiambiwa amekufa anasema angekufa baadaye, wakati wa neno kama hilo ungekuwepo. Hana hata nafasi ya kulia.

Kwa hivyo ukiniambia mzee wako anasema "lala, haya si mambo yako", mimi naskia kifaranga changu.

Sasa skiza, hujaua mtu. Yeye pia hajaua mtu, 86,000 ni pesa na pesa hulipwa. Kumsukuma asimame si kosa lako, mtu husukumwa kwa mazuri pia, na chenye alifanya na pesa ya chama baada ya hapo, kama alifanya, ni mkono wake. Lenye ni lako ni lile neno. Anza nalo. Usianze na pesa. Usimvamie saa nane usiku akiwa na taa ya simu, ngoja Jumapili mchana mkiwa mmeshiba na watoto wako nje, umwambie ile siku nilikosea kukuita vile nilikuita. Alafu nyamaza, hata kama ni dakika tano, wacha yeye aongee. Akisema ni kweli alimkopesha binamu, atoe taarifa ya M-Pesa, aende kwa mwenyekiti na karani mwenyewe na karatasi mkononi kabla ya mwezi wa kumi na mbili wakati watu wanataka kugawana, aseme deni ni hili na nitalipa hivi na hivi kwa mwezi. Watamkasirikia. Pengine watamtoa kwa kiti. Hio ndo kitu atakuwa anaogopa usiku wote huo, na ukiiangalia mchana ni kutolewa tu kwa kiti cha chama. Binamu muachie yeye, wewe usimpigie. Na uniandikie tena.

SWALI: Mwalimu, kuna ubishi hapa kwa kinyozi umekataa kuisha. Mmoja anasema huyo Macbeth ni hadithi tu, mwingine anasema alikuwa mfalme wa ukweli. Tumewekeana soda nne. Tusaidie. Wa Kinyozi, Umoja.

JIBU: Soda ni za yule wa pili, lakini asizinywe zote. Macbeth alikuwa mfalme wa Uskoti wa ukweli kutoka 1040 hadi 1057. Duncan pia alikuwako, lakini hakuwa mzee wa mvi na hakuuawa kitandani, aliuawa kwa vita na watu wa Macbeth mwaka 1040. Miaka 17 kwa kiti si mchezo enzi zile, na mwaka 1050 aliondoka akaenda kuhiji Roma, na inaelezwa alimwaga pesa kwa maskini huko kama mbegu. Mtu anayeogopa kivuli chake hawezi kuacha kiti mbali hivo. Alikuja kuuawa 1057 na upande wa Malcolm, mtoto wa Duncan.

Bibi yake alikuwa na jina, Gruoch, na alikuwa na damu ya kifalme yeye mwenyewe, na mtoto wa kiume kutoka kwa mume wa kwanza, anaitwa Lulach, ambaye alitawala miezi michache baada ya Macbeth. Kwa mchezo jina limepotea. Mama huyo anasema aliwahi kunyonyesha lakini mtoto hatumuoni, kwa hivyo hata kumuita Mama Fulani kama vile tungefanya hapa hatuwezi, ni bibi ya Macbeth tu mwanzo hadi mwisho.

Mbona Shakespeare alipindua hivo? Mchezo ni wa kama mwaka 1606. Mwaka 1603 Uingereza ilipata mfalme mpya, James, na ametoka Uskoti, na ukoo wake ulijihesabu kutoka kwa Banquo. Huyo James alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya wachawi, kilitoka 1597. Alafu 1605 watu wakajaribu kumlipua na baruti pamoja na bunge lake. Sasa wewe ni mwandishi na kundi lako liko chini ya huyo mfalme, utaandika juu ya nini? Wachawi, kuua mfalme ni laana, na Banquo mtu safi. Kwa kitabu cha historia alichotumia, cha Holinshed, huyo Banquo alikuwa ndani ya njama ya kumuua Duncan. Shakespeare akamuosha. Alijua nani analipa stima. Lakini kuna jamaa hapo kwa kinyozi atasema basi ni propaganda tu, mwambie akae aangalie yale maneno ya bibi usiku, alafu aseme tena.

Mkitaka kuusoma kwa Kiswahili, S. S. Mushi aliutafsiri, ulichapishwa Dar es Salaam 1968 kwa jina Makbeth.

SWALI: Habari Mwalimu. Niko fomu tatu, shule ya wavulana tupu. Klabu yetu inafanya sehemu za Macbeth na mimi nimepewa Lady Macbeth. Sasa darasa lote linaniita Madam, nikiingia deski linapigwa. Baba aliskia akasema hakunipeleka shule nivae gauni. Nikatae? Na kama sitakataa, nifanye sauti ya kike? Na ile ya kutembea usingizini, niweke rangi nyekundu mikononi? Madam, Nairobi.

JIBU: Usikatae, na umeshajibu nusu kwa kujiita Madam kwa sahihi, umewanyang'anya utani wao. Baba mwambie hivi, kwa heshima na bila kuonyesha meno: mtu wa kwanza duniani kuigiza huyu mama alikuwa kijana kama wewe. Stejini London enzi ya Shakespeare hakukuwa na waigizaji wanawake, nafasi zote za kike zilichezwa na wavulana, na ni mpaka 1660 ndo wanawake walianza kupanda steji za kulipia kule Uingereza. Kwa hivyo fikiria kijana wa pengine miaka kumi na nne, kumi na tano amevaa gauni, anasimama mbele ya umati anaambia mapepo nivueni uanamke. Nini ivuliwe? Watu walikuwa wanajua ni kijana, na bado waliogopa. Mchezo wenyewe umejaa hio kuchanganya, wale wachawi hata wana ndevu, Banquo anawaambia ningesema nyinyi ni wanawake lakini hizo ndevu zinanikataza. Wewe ni wa ukoo wa zamani kwa hii kazi kuliko mwigizaji yeyote wa kike ambaye baba amewahi kumuona kwa runinga.

Sauti ya kike usifanye. Ukifanya, watacheka kwa mstari wa kwanza na hutawarudisha. Tumia sauti yako, punguza, ongea kama mtu mwenye haraka asiyetaka kuskika chumba cha pili. Huyo mama anaongea hivo usiku ule wa kuua, kuna watu wamelala nyumbani. Na kama sehemu yenu iko na pale anazimia asubuhi maiti ikigunduliwa, amua mapema kama anazimia kweli ama anadanganya, maana watu wamegawanyika. Mimi niko upande wa kweli. Angalia anazimia saa ngapi: ni pale tu mumewe anaeleza mbele ya watu vile amewaua wale walinzi. Hio hakuijua. Ndo kwanza anajua ameolewa na nani.

Sasa rangi, na hapa niongee kama mtu aliyeumia. Miaka mingi nyuma nilikuwa nasaidia kikundi fulani, kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na skripti kusomea mtu mstari akisahau, na pia, juu hatukuwa na pesa, kutengeneza damu. Nikapika shira nzito ya sukari, nikamwagia rangi nyekundu ya keki chupa nzima. Ilikuwa nzuri ajabu, inang'aa, inanata, inateleza polepole kutoka kidoleni kama ya mbuzi. Usiku wa kuua mfalme ukumbi ulinyamaza kabisa. Baada ya hapo dada yetu aliyekuwa anaigiza huyo mama akaenda kuosha mikono. Tukaosha na sabuni ya kipande, tukaosha na ya unga, limau, majivu mtu akapendekeza, tukajaribu majivu. Ikabaki waridi, kwa kucha na kwa mikunjo ya viganja. Na wewe unajua sehemu ya usingizini mikono yake inafaa kuwa misafi kabisa. Hicho ndo kitu chenyewe. Siku damu ilikuwa mkononi hakuogopa, sai mkono ni msafi na yeye anasugua robo saa, mtumishi amesema amewahi kumuona hivo. Doa analiona yeye peke yake. Sasa dada akatoka na mshumaa, akasema toka, doa laana wewe, toka, na mama mmoja mstari wa mbele akaskika ukumbi wote akisema, lakini si liko hapo. Walicheka mpaka daktari akasahau maneno yake, na nilikuwa nimeweka skripti chini kusugua beseni kwa hivyo hakuna wa kumsomea.

Usiku huo tulipanda matatu ya Rongai na huyo dada, akatoa nauli na kondakta akaangalia mkono, akaangalia mimi, akasema mama wacha tu, keti.

Kwa hivyo sehemu ya kuua, paka. Sehemu ya usingizi, mikono mitupu, na ioneshe kwa taa kabla hujaanza kusugua ili kila mtu aone hakuna kitu. Polepole, kidole kwa kidole, usiharakishe. Rangi ya keki usiguse. Chemsha bitiruti, yale maji yake ukoroge na unga kidogo wa mahindi yashike, ujaribu siku mbili mbele kwa mkono mmoja. Shuka za bweni usizikaribie nayo. Lakini kwa mkono, ukiwahi kabla haijakauka, maji kidogo na sabuni yanatosha.